Darasa la mashairi na ngoma, Ngara: miguu kwanza, maneno baadaye

Nafundisha Kiswahili Eastlands, Nairobi, na kila mwaka naandaa wanafunzi wa ukariri, yaani kughani mashairi jukwaani. Kilio changu ni kimoja: mtoto anajua mizani (idadi ya silabi), vina (silabi za mwisho zinazofanana) havimpotei, lakini akipanda jukwaani anagongomea kila silabi kama msumari. Darasa hili la Jumamosi alasiri ndilo la kwanza nililoliona likitibu ugonjwa huo, na linaanzia miguuni.

Karatasi hamna. Mwalimu wa ngoma, mtu wa Kakamega, anapiga isukuti, ile ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kati ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Nyinyi mnatembea palepale mlipo, hatua moja kwa kila mizani mbili. Miguu ikishazoea, mwenzake wa mashairi anatoa mshororo, yaani mstari wa shairi:

Ngoma yangu leo njema, sikia sauti yake.

Mizani 16: nane ukwapi (nusu ya kwanza), nane utao (nusu ya pili). Hesabu imelingana, ila mwili unahisi tofauti. Katika ukwapi kila mkazo unaangukia pale mguu unapokanyaga: ngo, ya, le, nje. Ukiingia utao, mkazo wa "sikia" uko kwenye "ki", na mguu bado uko hewani! Halafu "sauti" inakurudisha chini. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo maneno mawili ya silabi tatu yanatosha kuutikisa mdundo wote bila kuongeza wala kupunguza mizani. Nimefundisha mizani miaka mingi na sikuwahi kuisikia mwilini namna hii.

Sharti lao nalipenda sana: hakuna kupiga makofi kufuata mkazo. Miguu ishike mdundo, mdomo uende zake. Miguu ikinyamaza, ule mkazo wa hewani unakosa cha kushindana nacho, na msikilizaji anadhani umeteleza tu.

Yapo ya kurekebisha. Wanachelewa kuanza. Sakafu ni saruji tupu, kwa hiyo vaa raba. Chumba ni kidogo na ngoma kubwa inawameza wenye sauti nyembamba. Mpigaji ashushe mkono mtu akianza kughani. Njuga nazo hazitoshi, na ni hasara, kwa sababu aliyevaa njuga anausikia mguu wake mwenyewe na hapotei.

Ada ni shilingi 800 kwa kipindi, kwa M-Pesa. Anayetafuta mitindo ya kucheza harusini atafute kwingine. Mghani, mwimbaji wa kwaya au mwalimu kama mimi aende bila kusita. Wakifungua darasa la watoto likizo ya Aprili, nitawapeleka wakariri wangu wote kabla ya msimu wa tamasha la muziki.