Chungu na mtungi wa Wakisi: miaka miwili jikoni kwangu Dodoma

Nianze na aibu yangu. Chungu cha kwanza nilichonunua kwa Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, hakikumaliza siku tatu. Nilifika nacho nyumbani salama, nikakisuuza, nikatia maharage na maji, nikakibandika kwenye jiko la gesi na moto nikaufungua wote. Haikutimia robo saa nikasikia "tah!" Mchuzi ukazima gesi na kuingia kila tundu la jiko. Shilingi 5,000 zangu zikawa vigae. Jioni nzima nikawa nalaani udongo wa watu.

Chungu kile nilikuwa nimekinunua Matema, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, nilipokwenda harusini. Kila Jumamosi kuna soko hapo jirani, Lyulilo, ambako vyombo vya Wakisi huletwa kwa mitumbwi kutoka kijiji cha Ikombe. Ukiviona vimepangwa mchangani, vyeupevyeupe na michirizi ya udongo mwekundu, mkono unaingia mfukoni wenyewe. Nilinunua bila kuuliza swali hata moja, na muuzaji naye, wateja wakiwa wamemzunguka, hakunieleza kitu.

Niliporudi Kyela mwaka uliofuata nikaamua nivuke hadi Ikombe kwenyewe, nimwone anayefinyanga. Nilimkuta mama mmoja wa makamo chini ya mwembe. Nikamwamkia, nikakaribishwa kigoda, nikakaa pale mpaka alasiri. Gurudumu la kufinyangia hana. Donge la udongo huliweka juu ya kigae kipana, akakizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine ukiupandisha udongo kuwa ukuta. Kipande cha kibuyu ndicho cha kukwangulia, na kokoto laini la ziwani ndilo la kung'arishia. Kazi ya kung'arisha ndiyo iliyonishangaza: anasugua, anasugua, anapiga soga, bado anasugua. Vikishakauka kivulini kwa siku kadhaa, huchomwa uwanjani kwa kuni na nyasi, hakuna tanuri. Jikoni kwake mwenyewe niliona vyungu vitatu, vyote vina kasoro: kimoja mdomo umepinda, kingine moto umekiunguza ubavu. Vizuri vyote vinaenda sokoni. Waliosema mfinyanzi hulia gaeni hawakutunga.

Nilipomsimulia habari za chungu changu alicheka mpaka akaweka udongo chini. "Mwanangu, ulikinywesha nini?"

Sikukinywesha kitu. Kumbe chungu kipya kina kiu. Kwanza unakilaza ndani ya maji usiku kucha. Kesho yake unachemsha humo uji mwepesi au maji ya mchele kwa moto mdogo, kisha unakiacha kipoe chenyewe hapo hapo jikoni. Ule wanga unaingia kwenye vitundu vya udongo na kuviziba. Baada ya hapo ni adabu tu: moto uanze mdogo, maji baridi yasimwagwe kwenye chungu cha moto, na sabuni isikiguse, maana udongo unainywa na kesho utaila kwenye mboga. Mimi naosha kwa maji ya moto na dodoki. Alinifundisha pia kuchagua: gonga kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kama kengele ndogo, chenye ufa kinajibu kama mtu aliyejifunika blanketi.

Siku ile nilichukua chungu cha kati kwa shilingi 6,000 na mtungi kwa 12,000. Chungu nimekipikia miaka miwili sasa, zaidi kwenye jiko la mkaa. Maharage yanaiva taratibu bila kushika chini, na ukiipua yanaendelea kutokota peke yake wakati unasonga ugali. Nje kimekuwa cheusi tii, nami nakipenda hivyo.

Mtungi ndio uliowashinda wote nyumbani. Maji yake ni ya baridi ile ya kunyweka, haiumizi meno. Siri yake ni jasho: maji hupenya ukutani kidogo kidogo, yakikaushwa na upepo yanaondoka na joto. Ndiyo maana Dodoma, kwa ukavu wetu na upepo huu, unafanya kazi ajabu. Dada yangu wa Dar es Salaam nilimpelekea wa kwake, akanipigia kulalamika kwamba maji yanapoa kidogo tu. Hewa ya pwani imeshiba unyevu, jasho litakaukia wapi? Kwa hiyo mtu wa pwani anunue kwa uzuri wake, friji asiiuze.

Lawama zangu ninazo. Ufungaji hakuna. Ni majani makavu ya mgomba na dua. Mtungi niliupakata mapajani kutoka Mbeya mpaka Dodoma, konda ananitazama kama nimebeba mtoto wa watu. Mifuniko haikai sawa, kila mmoja una mdomo wake. Kitako ni cha mviringo, kwenye mafiga kinatulia vizuri, ila kwenye meza lazima uwe na ngata ya kukikalisha, na kwenye gesi kinayumba. Na usiagize masika ukitarajia kupata haraka. Mvua ya Kyela haina mchezo, na uwanja ukiwa umelowa hakuna kuchoma.

Chungu nakipa tisa kwa kumi. Usafiri nne, tena kwa huruma. Kwa mtu anayebandika sufuria na kwenda kuangalia tamthilia, simshauri kabisa.

Vile vigae vya chungu cha kwanza sikuvitupa. Kikubwa kimekaa chini ya mtungi kukinga matone. Mwezi uliopita yule mama wa Ikombe kanipigia simu, mvua zimekatika, anachoma wiki hiyo. Nimeagiza chungu kipana cha samaki, na safari hii nimemwomba mfuniko aufinyange siku moja na chungu chenyewe.