Kidhibiti cha pH cha maji machafu: kipi ununue kwa karakana au kiwanda cha Lubumbashi

Kabla hujamuuliza muuzaji bei, chota ndoo ya lita 10 ya maji yako machafu, pima pH yake (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali), kisha yatilie dawa, yaani soda, chokaa au asidi, kidogo kidogo huku ukikoroga na kuandika kila namba. Ndoo hiyo ndiyo itakayokuchagulia mashine ya kupima pH na kutia dawa yenyewe. Nimeona karakana tatu hapa mjini zikinunua kidhibiti kizuri kisha kukiweka stoo, na kosa lilikuwa lile lile: walinunua mashine kabla ya kuyajua maji.

Sababu iko katika hesabu ya pH yenyewe. Kila hatua moja ni mara 10. Chukua tangi la lita 1,000 lenye maji ya asidi kali ya pH 3, yasiyo na kitu kingine ndani. Kuyafikisha pH 7 kunataka gramu 40 hivi za soda kostiki, ile watengeneza sabuni wanaiita sude. Gramu 36 kati ya hizo zinaishia njiani kutoka 3 hadi 4. Kutoka 4 hadi 5 ni gramu 3.6. Kutoka 5 hadi 6 haifiki hata nusu gramu. Ukipitiliza ukamwaga gramu 40 nyingine juu ya maji yaliyokwisha kuwa 7, yanaruka hadi 11. IFC, taasisi ya Benki ya Dunia, katika mwongozo wake inataka maji ya kiwandani yatoke yakiwa kati ya 6 na 9. Basi mashine unayoitafuta ni ile inayojua kupunguza mwendo inapokaribia kufika.

Nafasi ya kwanza: pampu ya dozi yenye kidhibiti ndani yake

Kwa karakana nyingi za hapa, hii ndiyo ya kununua. Pampu na kidhibiti viko katika sanduku moja. Elektrodi, kijiti cha kupimia pH (mafundi wetu husema sonda), inachomekwa moja kwa moja. Ukitaka maji yafike 8 na sasa yako 4, pampu inapiga kwa nguvu zote. Yakifika 7.5, inapiga mara chache tu kwa dakika. Seko na Etatron, zote za Italia, hutengeneza za aina hii, na bei yake ni ya mamia ya dola, si maelfu.

Uliza mambo mawili. Kichwa cha pampu ni cha plastiki gani? Kwa asidi taka PVDF, kwa soda kali taka polipropilini (PP), na kiwambo cha PTFE. Alumini usiiguse kabisa, kwa sababu soda inaitafuna na kutoa gesi ya haidrojeni. La pili ni ukubwa. Tuseme una mita za ujazo 2 kwa saa za maji ya pH 2. Kila mita ya ujazo itataka gramu 400 za soda, yaani gramu 800 kwa saa. Ukiyeyusha gramu 100 katika kila lita ya dawa, unahitaji lita 8 kwa saa. Nunua pampu ya lita 12. Muuzaji atakusukumia ya lita 50 akisema itakufaa ukipanuka. Mkatalie, maana pampu kubwa kwenye tangi dogo inapitiliza hata ikiwa inapiga polepole.

Udhaifu wake ni mmoja: haipendi maziwa ya chokaa, yaani chokaa iliyokorogwa na maji. Vali zake ndogo huziba.

Nafasi ya pili: kidhibiti cha ukutani, na pampu pembeni

Hapa kidhibiti kinakaa peke yake, kina njia mbili au zaidi za kutolea amri, na mara nyingi kina laini ya ishara ya miliampea 4 hadi 20 ya kuendesha pampu yoyote inayopokea ishara hiyo. Kinawafaa wenye maji yanayogeuka: kiwanda cha vinywaji kinaosha chupa kwa soda asubuhi na mabomba kwa asidi jioni, kwa hiyo kinahitaji dawa mbili. Ukikiwekea dawa mbili, acha nafasi pana katikati, kwa mfano soda ianze chini ya 6.5 na asidi ianze juu ya 8.5. Ukizibana, pampu mbili zitapigana usiku kucha na utalipia dawa za pande zote.

Ni chaguo langu pia kwa wanaotumia chokaa. Chokaa ina bei nafuu kuliko soda, na sisi tuna bahati ya kuwa na mawe ya chokaa ya Kakontwe, kule Likasi. Chukua pampu ya bomba la kukamuliwa, ambayo haina vali za kuziba, na usiache maziwa ya chokaa yatulie hata kidogo. Kumbuka kwamba soda inafanya kazi kwa sekunde, chokaa kwa dakika nyingi. Tangi lisiloyashika maji walau dakika 20 litakupa namba nzuri kwenye kioo na namba nyingine kabisa mferejini.

Wenye maji ya shaba na kobalti wasome hapa mara mbili. Kusawazisha hadi 7 hakutoshi. Shaba inashuka chini kama tope vizuri kati ya 8 na 9, kobalti inataka zaidi ya 9 (kisha maji yashushwe tena chini ya 9 kabla ya kutoka), na zinki inaanza kuyeyuka tena ukipandisha mno. Kwa maji ya namna hii kidhibiti kinachoshika namba bila kuyumba kina thamani kuliko chenye kioo cha rangi.

Nafasi ya tatu: cha kuwasha na kuzima, na vali ya umeme

Kwa maji yanayotiririka mfululizo, sikipendekezi. Kinafungua, kinachelewa, kinafunga dawa ikiwa imeshazidi. Lakini kama maji yako kwa siku hayazidi tangi moja au mawili, kipandishe hadi nafasi ya kwanza: jaza tangi, koroga, tia dawa, subiri, pima tena kwa mkono, ndipo ufungulie. Ni njia ya bei nafuu na ya uaminifu.

Mifumo mikubwa ya kompyuta ya kiwandani, yenye matangi mawili au matatu yanayofuatana, ni ya migodi. Hao wana wahandisi wao.

Sanduku la mawe ya chokaa lisilotumia umeme huuliziwa sana na mafundi wa betri. Asidi ya betri ni ya salfa. Ikikutana na chokaa inazaa jasi, na jasi inayafunika mawe hadi yanakuwa mawe tu. Liweke kama msaada mbele ya tangi, lisiwe mlinzi wa mwisho.

Pesa ya elektrodi na ya kikorogeo

Hapa ndipo watu wanabana pesa, na hapa ndipo wanapoumia. Elektrodi nzima hutoa karibu milivolti 59 kwa kila hatua ya pH kwenye nyuzi 25. Kidhibiti kinachokuonyesha namba hiyo unapokisawazisha kwa bafa (maji ya kipimo yenye pH inayojulikana) za 7 na 4 ni bora kuliko kinachoificha, maana ikishuka chini ya asilimia 85 hivi, unajua elektrodi inakufa. Kwa maji yenye metali au salfaidi, taka ya viungo viwili, yenye vizuizi viwili kati ya maji machafu na kimiminika chake cha ndani. Kwa tope, taka ya glasi bapa. Nunua mbili, moja ikae kwenye maji yenye kloridi ya potasiamu, kamwe si kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke. Masika yetu, Novemba hadi Aprili, unyevu ukiingia kwenye kiungio cha waya namba zinacheza ngoma. Wenye uwezo wachukue za kidijitali kama Memosens ya Endress+Hauser, ambazo kiungio chake hakitegemei metali kugusana.

Karakana moja ya Kampemba, elektrodi iliganda na uchafu ikisoma 4 usiku mzima. Pampu ikamaliza bidoni yote ya soda. Mlinzi aliponipigia alfajiri alisema, "Papa, mashine inafanya kazi, lakini samaki wa mferejini wamelala juu." Tangu siku hiyo sinunui kidhibiti kisicho na kikomo cha muda wa dozi, kile kinachosimamisha pampu na kupiga kengele namba isiposogea.

Umeme ukikatika na kurudi, pampu nyingi huanza zenyewe huku kikorogeo kikisubiri mtu abonyeze kitufe. Mwambie fundi apitishe umeme wa pampu kwenye kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya kikorogeo: kisipozunguka, dawa isiingie.

Mzigo wako ukivuka mpaka wa Kasumbalesa na kufika dukani, fungua boksi la elektrodi papo hapo. Glasi huzeeka hata isipotumika. Angalia tarehe ya kutengenezwa, toa kofia, tazama kama ndani kuna majimaji. Kama kumekauka, irudishe mezani na uombe nyingine.