Bonsai ya dukani: "Huu si mchicha, mama"

Mchicha, matembele, bamia, vyote nimelima nyuma ya nyumba hapa Tabata tangu mwanangu wa kwanza hajaanza shule. Sasa kijana wa dukani ananiambia mbele ya wateja, "Huu si mchicha, mama." Mimi?

Anausema mti wangu wa bonsai, ule mti unaodumazwa ukae mdogo kwenye chungu. Niliununua siku za kuelekea Krismasi, duka la mapambo lenye AC mpaka unatafuta kitenge cha kujifunika. Ni fikasi, ile yenye mizizi minene iliyochomoza juu kama mihogo, na kofia ya majani kichwani. Mzuri, sikatai. Bei sisemi, mume wangu huenda akasoma.

Kikaratasi kiliagiza vijiko viwili vya maji kila siku. Nikatii. Haukupita muda majani yakaanza kupukutika, tena mabichi kabisa, nafagia sebule kama niko chini ya mwembe. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Maji yakatuama juu, yakateleza pembeni. Nikashika kijiwe kimoja cha urembo nione udongo. Hakitoki! Kokoto zote zimegandishwa kwa gundi, kitu kimoja kama sakafu. Mti umezibwa mdomo halafu unaambiwa kunywa.

Ndipo nikaurudisha, nikapewa hilo la mchicha. "Umezidisha maji," anasema, macho kwenye simu. Nikamuuliza yanaingilia wapi. Kimya. Kijana, mchicha wangu sijawahi kuupanda kwenye chombo kisicho na tundu!

Maana tundu nalo halikuwepo. Aliyeligundua hilo ni mzee anayeuza miche kando ya barabara. Alibandua kokoto kwa bisibisi, akauchomoa mti: katikati udongo mkavu kama tofali, chini mizizi myeusi inanuka mtaro. Akakwangua gome kwa ukucha, kukawa kijani, na utomvu mweupe ukatoka. "Uko hai huu. Ni ndugu yake mkuyu. Wewe umeona wapi mkuyu sebuleni?" Akakata mizizi iliyooza, akachanganya udongo na mchanga mnene, akaupanda kwenye chungu chenye matundu. Kwa kazi yote hiyo alinidai hela ya soda.

Sasa unakaa barazani, unapigwa na jua la asubuhi. Vijiko nimetupa, natia kidole kwenye udongo, nikikuta pakavu namwagilia mpaka maji yatokee chini. Ulikaa kipara wiki kadhaa, nikaanza kuuzungumzia kama marehemu, kisha vichipukizi hivyo, vyekundu kidogo nchani. Niliwaita watoto waje waone.

Kwa hiyo msinunue. Ni wizi. Au nunueni, ila mtoke na bisibisi nyumbani.

Juzi nilipita tena pale, shughuli zangu tu. Kulikuwa na mwingine, mdogo, umejipinda vizuri mno. Nikagusa kokoto: gundi. Yule kijana hata hakunikumbuka. Nikamuuliza bei.