Titanfall 2 baada ya kuzoea Apex Legends: uzoefu wangu

Nilikuwa mtu wa Apex Legends tu. Ni gemu la bure la kupigana risasi: mnatua watatu watatu, mnapigana mpaka kibaki kikosi kimoja. Titanfall 2, gemu jingine la risasi, nimeinunua juzijuzi iliposhushwa bei, na kilichonishangaza ni kwamba mikono yangu ilishalijua gemu lenyewe. Unakimbia, unachuchumaa ukiwa bado na kasi, mwili unateleza; ukipata mteremko unateleza kwa kasi zaidi, na ukiruka mwishoni ile kasi unaruka nayo. Wingman ipo, bastola yenye risasi chache na kishindo kizito. Kraber, bunduki ya mdunguaji, ipo. Mastiff, shotgun, nayo ipo.

Wala hakuna aliyemwiga mwenzake hapo. Zote mbili ni kazi ya studio ya Respawn Entertainment, na zote zimejengwa juu ya Source, injini (programu ya msingi inayoendesha gemu) ambayo Valve walitoa nayo Half-Life 2 mwaka 2004. Respawn wameifumua na kuisuka upya, lakini damu ni ileile. Ukirudi nyuma zaidi unakuta Half-Life ya 1998 ilitumia injini iliyotokana na Quake ya id Software. Halafu waanzilishi wa Respawn, Vince Zampella na Jason West, walitokea studio ya Infinity Ward, ambao Call of Duty yao ya kwanza, 2003, ilijengwa juu ya injini ya Quake III, ya id Software haohao. Njia mbili tofauti, babu mmoja.

Sasa kuna wanaosikia "injini moja" wakadhani ni gemu lilelile lililopakwa rangi mpya. Waende wakajaribu. Kwenye Titanfall 2 rubani, yaani wewe mchezaji, anakimbia ukutani, anaruka mara mbili hewani, kisha anaita Titan, roboti la vita, dude la chuma linaloshuka kutoka angani na kuigonga ardhi kwa kishindo. Apex haikuja na vitu hivyo, na naona walifanya vizuri: watu 60 wakiparamia kuta za kila upande, nani atajua adui anatokea wapi? Tofauti kubwa kwangu ni kufa. Mazoea ya Apex ni kujibanza, kujaza ngao, kurudi vitani. Huku rubani hana ngao ya kujaza. Risasi chache tu na umekwenda, kwa hiyo anayesimama ndiye anayeliwa.

Hadithi ya Jack Cooper, rubani unayemcheza, na Titan wake, BT-7274, peke yake inatosha bei. Ni fupi, ukikaza unaimaliza kwa siku moja, na maadui wakuu unaopambana nao wengine wanapita bila kuwajua vizuri. Ila kuna sehemu inaitwa "Effect and Cause". Unavaa kifaa mkononi, ukibonyeza kitufe unahama kutoka jengo lililoungua na kuwa gofu kwenda jengo hilohilo likiwa zima, limejaa walinzi. Unakimbia kwenye ukuta wa leo, unaruka, unabonyeza ukiwa hewani, unadaka ukuta wa zamani ambao sekunde iliyopita haukuwepo. Hakuna kusubiri hata kidogo, kwa sababu majengo yote mawili yamejengwa ndani ya ramani moja na wewe unahamishwa tu. Niliicheza tena papo hapo.

Gemu kama hili EA, kampuni iliyolichapisha, walilitoa tarehe 28 Oktoba 2016, wiki moja baada ya Battlefield 1 yao wenyewe na wiki moja kabla ya Call of Duty mpya. Sijui nani aliipanga kalenda hiyo.

Mashabiki wa Apex mtakutana na wenyeji wenu pia. Blisk ndiye anayeongoza mamluki wanaoitwa Apex Predators. Ash ni adui hapa, miaka mingi kabla ya kuingia Apex mwaka 2021. Na kama kwenye Apex unamtumia mhusika Valkyrie, jiandae: baba yake, Viper, anakusubiri angani, juu ya meli zinazoruka, na hana mchezo.