Wakili wa Vuga na mkataba wa kusindikiza wageni Ulaya

Ikiwa una binti, mdogo wako au mtoto wa ndugu yako anayefanya kazi katika mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa au Paje, hapa Unguja, na ameletewa karatasi ya kazi ya Ulaya, basi kabla ukoo haujaanza kuchangishana, ipelekeni karatasi hiyo kwa wakili aisome. Mimi nilimpeleka mtoto wa kaka yangu kwa wakili mmoja mwanamke mwenye ofisi Vuga. Huduma yake imeniridhisha kwa sehemu kubwa, na pale isiponiridhisha nitasema pia.

Mtoto mwenyewe ana miaka 23, yuko mapokezi hotelini, Kiingereza anakijua vizuri na Kitaliano ni cha kuombea maji. Mgeni mmoja anayekuja kila msimu ndiye aliyemletea habari: kusindikiza watu wazito kwenye chakula cha usiku, mikutano na safari, katika miji mitatu, Zürich, Frankfurt na Paris. Mkataba una kurasa mbili, kwa Kiingereza. Malazi bure. Nauli na viza zinalipwa na kampuni, kisha zinakatwa kwenye malipo. Pasi ya kusafiria inawekwa na kampuni "kwa usalama". Tulipomuuliza nyumbani hii ni kazi gani khasa, alitujibu kama alivyoambiwa: kule sheria inairuhusu, watu wanalipa kodi na hawasumbuliwi. Hapakuwa na mtu pale ndani wa kulithibitisha jambo hilo wala kulikanusha. Baba yake alipandisha sauti, mama yake akalia, na mtoto akazidi kukaza kamba. Ndipo nilipomchukua.

Cha kwanza ninachomsifu wakili huyu ni adabu yake kwa mtoto. Baada ya salamu aliniambia, "Bi mkubwa, niwie radhi, nataka nizungumze na mwanangu huyu peke yake kwanza." Nikatoka nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Waliolelewa kwetu wanajua kwamba msichana hawezi kusema mbele ya shangazi yake mambo ambayo huyo mgeni amemwambia kwenye simu usiku. Aliyasema mule ndani. Nilipoitwa, kwa ridhaa yake, uso wake ulikuwa umetulia na mkataba ulikuwa umeshapigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyemhubiria. Wakili hakumuuliza kuhusu sala yake wala nguo zake. Alimuuliza kuhusu pesa, makaazi na karatasi.

Kisha akatandika ramani ya Ulaya mezani, ile ya skuli, na penseli za rangi. Hapa ndipo ada yetu ilipopata thamani yake, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Alianza kwa kusema kwamba hakuna sheria moja ya Ulaya juu ya biashara ya ngono, ambayo inaweza kujificha nyuma ya neno kusindikiza. Kila nchi imejipangia, na zimepishana vibaya. Mkataba unaweza kuiita kazi kwa jina lolote la heshima, mahakama itaangalia kinachofanyika na kinacholipiwa. Mtoto akamuuliza, na mimi nilifurahi kwamba ni yeye aliyeuliza: "Na kama ni kula chakula tu na kuzungumza?" Wakili akamjibu kwamba kula chakula na kuzungumza kwa malipo si kosa la ukahaba popote, lakini bado ni kazi, na mgeni anayefanya kazi bila kibali cha kazi yuko makosani hata angekuwa anauza maua.

Ujerumani aliipaka kijani. Biashara ya ngono ilitambuliwa huko kuwa kazi kwa sheria iliyoanza 2002, na tangu Julai 2017 ipo sheria nyengine inayombana kila mtu anayeifanya: ajiandikishe, apate ushauri wa afya, awe na cheti. Wakala anayekutanisha wateja na wasindikizaji wa aina hiyo naye lazima awe na leseni. Sasa sikilizeni sehemu ambayo yule mgeni hakuitaja. Mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya, akienda kujiandikisha, anatakiwa aonyeshe kwamba ana ruhusa ya kufanya kazi Ujerumani. Mtoto wetu angeingia kwa viza ya kutembea. Viza hiyo ya Schengen, yaani ya pamoja kwa nchi nyingi za Ulaya, inampa siku 90 ndani ya kila siku 180, na haimruhusu kuajiriwa. Kwa hiyo ile ruhusa anayotajiwa ipo kweli, ila haimhusu yeye.

Uswisi pia kijani, kazi hiyo ni halali tangu 1942 na kila jimbo lina taratibu zake. Zamani kulikuwa na kibali maalumu cha wacheza dansi wa kabarei kilichowaingiza wasichana kutoka nje ya Ulaya. Serikali ya Uswisi ilikifuta, kikamalizika mwanzoni mwa 2016, kwa sababu badala ya kuwalinda wasichana kilikuwa kinatumika kuwanyonya. Uholanzi iliruhusu madanguro Oktoba 2000, watu wote wanaijua Amsterdam kwa hilo, lakini sheria yao ya ajira kwa wageni inakataza kutoa kibali cha kazi kwa shughuli hiyo kwa mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya. Nilimwomba arudie hilo la Uholanzi. Akarudia, na mtoto akaliandika kwenye simu yake.

Ufaransa akaipaka nyekundu. Kwa sheria ya Aprili 2016, anayeuza hana kosa, mnunuzi ndiye anayetozwa faini ya yuro 1,500, na akirudia inafika 3,750. Wakala anayepata chochote kutokana na biashara hiyo huhesabiwa kuwadi, na ukuwadi huko ni kifungo cha hadi miaka saba na faini ya hadi yuro 150,000. Kwa hiyo kampuni yenye leseni Frankfurt ikimpeleka msichana Paris kwa kazi hiyo hiyo, imeshaingia kwenye jinai. "Na polisi wakivunja mlango," wakili alimwambia, "wewe ndiye utakayekuwa chumbani, mwenye kampuni yuko Ujerumani."

Njia hiyo ya kumwadhibu mnunuzi ilianzia Sweden, 1999. Norway na Iceland zikafuata 2009, Ireland ya Kaskazini 2015, Jamhuri ya Ireland 2017. Sweden imekwenda mbali zaidi, tangu Julai 2025 ni kosa hata kulipia vitendo vya namna hiyo kwa masafa, kupitia mtandao. Nilimuuliza wakili kama wanaofanya kazi hiyo wenyewe wanaifurahia sheria hii. Akatueleza pande zote mbili bila kuegemea. Wanaoitetea wanasema mwenye pesa ndiye anayeunda soko, basi abanwe yeye. Wanaoipinga wanasema mteja akiogopa, mwanamke anapelekwa vichochoroni, anakosa muda wa kumpima mtu kabla ya kupanda gari lake. Watu 261 wanaofanya kazi hiyo waliipeleka Ufaransa kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, na Julai 2024 mahakama ikaamua kwamba Ufaransa haijavunja haki yao ya maisha ya faragha.

Mimi nina rai yangu. Kazi yenyewe siikubali, na dini yangu inajulikana. Lakini nikilinganisha nilichosikia siku ile, Ubelgiji ndiyo iliyoniingia akilini. Waliiondoa kwenye jinai 2022, kisha kuanzia tarehe 1 Disemba 2024 anayeifanya anaweza kuwa na mkataba wa ajira wenye likizo ya uzazi, malipo ya ugonjwa na pensheni, pamoja na haki ya kumkataa mteja bila kufukuzwa. Ukiisoma sheria hiyo ndipo unapouona mkataba wa mtoto wetu ulivyo mtupu. Haukuwa na neno moja juu ya kuugua. Haukusema afanye nini akikataa.

Nchi nyengine alizipitia haraka. Italia ilifunga madanguro kwa sheria ya 1958, kuuza si kosa ila kumtafutia mwenzako wateja au kufaidika na kazi yake ni kosa, na hili wapwa zetu wa Kiwengwa walijue kwa sababu wageni wa Kitaliano wamejaa kule. Uingereza yenyewe hairuhusu danguro, na wanawake wawili wakifanya kazi hiyo katika fleti moja inaweza kuhesabiwa danguro, hata kama wamekaa pamoja kwa kuogopa tu kuwa peke yao. Kroatia, Serbia na Lithuania, hata anayeuza anaadhibiwa.

Tulipomaliza ramani alirudi kwenye mkataba, na hapa sauti yake ilibadilika. Alitaka tuvione pamoja vifungu viwili alivyokwishavipigia mistari: nauli inayokatwa kwenye malipo, na pasi kuwekwa na kampuni. Deni lisilo na kiwango na hati iliyo mikononi mwa mwengine, alisema, ndizo dalili ambazo polisi na mahakama huzitazama kwanza wanaposhuku usafirishaji haramu wa binadamu. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji huo, inasema ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu haihesabiwi, na Tanzania nayo ina sheria yake ya kupambana na biashara hiyo tangu 2008. Kwa hiyo msichana aliyetia saini mwenyewe, akafika akakuta mambo mengine, asione haya wala asidhani ameshapoteza haki yake ya kulalamika. Alimwandikisha nambari 112, inayopigwa bure katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Akamwambia piga picha kila ukurasa wa pasi yako, mtumie shangazi, na usimpe mtu pasi hiyo hata akikuonyesha sefu ya chuma.

Nimeona watu wengi wakitoa nasaha kwa wasichana wetu. Mara nyingi ni vitisho. Wakili huyu alimpa mtoto kitu cha kushika mkononi: barua fupi yenye maswali matatu kwa kampuni. Ni kibali cha aina gani mtakachoniombea, na kwa kazi gani? Nambari ya leseni yenu ni ipi, na imetolewa na mamlaka gani? Kwa nini pasi yangu isikae kwangu? Mtoto aliituma mwenyewe. Jibu lililokuja lilikuwa ujumbe wa sauti: nafasi atapewa mwengine asiye na maswali mengi. Aliusikiliza mara kadhaa kisha akanipa simu nami niusikie. Bado yuko hotelini kwake, na bado anataka kuiona Ulaya. Sina ugomvi na hamu hiyo. Ana haki ya kwenda akiwa na karatasi zake mwenyewe mkobani.

Sasa upungufu. Tulipangiwa saa tatu asubuhi tukaingia baada ya adhuhuri, na hakuna aliyetoka kutuambia kwa nini. Maji ya kunywa ukumbini hakuna. Wakili anasema haraka, ukiwa si mtu wa kuuliza utaachwa. Karatasi ya muhtasari unayopewa mwisho ni ya Kiingereza, na mimi nimemwambia wazi kwamba mama yake mtoto, aliye na uamuzi mkubwa zaidi yangu, hawezi kuisoma. Ameahidi kuitoa kwa Kiswahili. Pemba hana siku anazokwenda, kwa hiyo mtu wa Wete au Chake Chake inambidi apande boti na atafute pa kulala, na gharama hiyo inaizidi ada yenyewe. Kubwa zaidi kwangu ni kwamba ushauri huu ni wa Ulaya tu. Wasichana wetu wengi wanakwenda Oman na nchi nyengine za Ghuba kwa kazi za ndani, na deni la nauli na pasi iliyofichwa viko huko vilevile. Nilipomuuliza alinielekeza kwa mtu mwengine. Natamani angelifanya yeye, kwa sababu ana moyo na kazi hii.

Ada ni shilingi 50,000 kwa kikao, na barua imo ndani ya bei. Kikao chetu kilipita muda wake na hakutuongezea hata senti. Risiti unapewa. Ijumaa anafunga mapema, basi nendeni siku nyengine, na pigeni simu kwanza. Chukueni mkataba wote, hata kurasa zinazoonekana hazina maana, pamoja na ujumbe wa simu uliotumwa na huyo mwenye kazi, kwa sababu mara nyingi ahadi nono ziko kwenye simu na vikwazo viko kwenye karatasi. Na nendeni na msichana mwenyewe. Mzazi akienda na karatasi peke yake, wakili huyu hamfungulii mdomo.