Paketi ya Wasini au Boti ya Wenyeji? Visiwa vya Pwani kwa Pesa Kidogo

Haya, salaam aleikum, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala spika. Kuna karatasi tu, hii hapa, naisogeza karibu na kamera muione vizuri: pomboo anaruka, sahani ya kaa, jahazi limetweka tanga jeupe, na bei kwa herufi kubwa hapa chini. Ni paketi ya siku moja ya Wasini na Kisite, visiwa vya kusini mwa pwani ya Kenya, ya aina ile mnayoshikishwa mkiwa mmekaa zenu pwani mwala kachri za muhogo. Likizo nayo ni bidhaa, inauzwa na kununuliwa, na hii haina hata warantii. Kwa hiyo leo naichambua kama ninavyochambua kitu kingine chochote.

Swali mnalonitumia kila wiki ni lile lile: twataka kuzunguka visiwa, twaanzia Mombasa, pesa ni za mawazo. Tununue paketi au tujipange wenyewe?

Kabla sijafika huko, kuna swali moja ambalo lazima mlibebe kila mnapozungumza na mtu mwenye boti. Muulizeni: bei hiyo ni ya kichwa au ya chombo? Likizo ya visiwa hapo ndipo inapokuwa ghali au rahisi. Nauli ya kichwa ni kama ya matatu, walipa kiti chako na wenzako walipa vyao. Bei ya chombo ni ya boti nzima, iwe imejaa au iko tupu. Nachukua mfano tu wa hesabu: nahodha ataka 10,000 kwa boti nzima. Mkiwa wawili, kila mmoja atoa 5,000. Mkiwa wanane, ni 1,250. Boti ni ile ile, petroli ni ile ile, pomboo ni wale wale. Watu wawili waliolipa chombo kizima wamenunua viti sita vya hewa.

Sasa turudi kwenye karatasi yetu. Ndani ya paketi kwa kawaida mna gari la kuwachukua hadi Shimoni, jahazi au boti, miwani na mrija wa kuogelea kwenye matumbawe, na chakula cha mchana Wasini: kaa, samaki, wali wa nazi, na pengine mwani wa kukaanga wa kuonjea. Huo mwani, kwa taarifa yenu, kina mama wa Kibuyuni karibu na Shimoni wanaulima baharini na wanautengenezea hata sabuni. Mkipita huko, nunueni.

Chakula nakipa alama nzuri. Jahazi pia. Kinachonikera ni mstari huu mdogo hapa: "bei ni moja kwa wote". Kisite-Mpunguti ni hifadhi ya bahari iliyo chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kiingilio chake hakiko sawa kwa wote. Raia ana bei yake, mkaazi wa kigeni ana yake, na mgeni kutoka nje ana yake iliyo juu zaidi. Kiingilio hicho hulipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, si kwa kumpa mtu noti mkononi. Sasa wewe una kitambulisho cha Kenya, umelipa paketi sawa na mgeni kutoka Ujerumani. Ile tofauti imekwenda wapi? Imeingia mfukoni mwa mtu, na si mfuko wako. Mwambieni muuzaji awatolee kiingilio nje ya bei, mlipe wenyewe kwa simu. Akikataa kabisa, mshajua faida yake iko wapi.

Njia ya pili ni kujiendea. Feri ya Likoni kwa mtu wa miguu ni bure. Ng'ambo mwapanda matatu ya kuelekea Lunga Lunga, mwashuka njia panda ya Shimoni, kisha boda au matatu nyingine hadi ufukweni. Wenye gari siku hizi wana barabara ya Dongo Kundu, hawana haja ya kusimama foleni ya feri wakinuka moshi wa lori. Shimoni kwenyewe kuna yale mapango yenye historia chungu ya watumwa, msiyapite mbio. Halafu mwatafuta boti ya wenyeji ya kuvukia Wasini. Hiyo ni nauli ya kichwa. Mtakaa na magunia ya unga, mitungi ya gesi na mama aliyetoka hospitali, na mtavuka vizuri tu.

Wasini hakuna gari hata moja. Kuna bustani ya matumbawe makavu yaliyobaki nchi kavu, na daraja la mbao la kina mama wa kijiji linalopita katikati ya mikoko. Kiingilio cha daraja ni chao wenyewe, na ni pesa ninayoitoa kwa moyo mweupe. Upande wa pili wa kisiwa kuna kijiji cha Mkwiro, ambako baadhi ya nyumba hupokea wageni kulala. Ni vijiji vya Kiislamu vyenye heshima zake: jisitirini mkitembea mitaani, nguo za kuogelea ziacheni majini.

Lakini sikilizeni, boti ya wenyeji haiwapeleki Kisite. Kule kwenye samaki wa rangi na mchanga mweupe hakuna matatu ya baharini, ni chombo cha kukodi. Kwa hiyo mkiwa wawili na mwataka Kisite, mtanishangaa nikisema hivi: paketi yawafaa, kwa sababu yule muuzaji ndiye aliyewatafutia wale wengine sita wa kujaza viti. Kazi yake hiyo ina thamani. Mkiwa wanane, hamumhitaji.

Chale ni pazuri, lakini ni mambo ya hoteli, bei zake si za video hii. Funzi, na mikoko yake na mto Ramisi, ni boti ya kukodi pia. Iwekeni kwa siku ambayo mko kundi.

Mshagundua kitu? Kusini kote huko, kila kisiwa ni safari peke yake. Mwaenda, mwarudi bara, mwaanza upya. Mtu anayesema anataka kuruka kisiwa hadi kisiwa bila kufilisika, mimi namwelekeza kaskazini, Lamu, kwa sababu moja kubwa: kule watu wanaishi visiwani kwa maelfu, na boti ndiyo matatu yao.

Basi la Lamu hutoka hapa Mombasa mapema, lapita Kilifi, Malindi, Garsen, Witu, lafika Mokowe. Siku nzima inakwenda. Njiani kuna vizuizi vya ukaguzi, kitambulisho kikae mfukoni si kwenye begi lililo kwenye buti. Ndege ya kushuka Manda ni haraka, sawa, lakini tikiti yake yaweza kumeza siku kadhaa za kulala na kula. Mokowe mwaingia boti, nauli ya kichwa, mwafika Amu, yaani mji wa Lamu.

Na hapa ushauri wangu: wekeni makao pale pale mji wa Lamu, msihamehame na mabegi. Kila kuhama ni boti, mchukuzi, na bei mpya ya chumba kwa usiku mmoja. Tafuteni nyumba za ndani, vichochoroni, si za ufukweni mbele wala si Shela, kijiji cha jirani. Mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo hata kichochoro cha nyuma mnacholala kina mlango wa kuchonga ambao watu wanapanda ndege kuja kuupiga picha. Asubuhi mahamri kwa mbaazi, pesa kidogo, tumbo limetulia hadi adhuhuri.

Shela mwaenda kwa miguu, kilomita tatu hivi kandokando ya maji. Manda iko ng'ambo tu. Kwenye kisiwa hicho kuna magofu ya Takwa, mji ulioachwa karne ya 17, na msikiti wake bado umesimama na nguzo juu ya kibla. Kufika Takwa boti hupita kijito cha mikoko, na maji yakipwa hapapitiki. Nahodha akiwaambia tutoke sasa, tokeni sasa, hawahimizi bure.

Kisiwa cha Pate ndicho kinachonipendeza kuliko vyote, na karibu hakuna anayekiweka kwenye paketi. Boti za abiria hutoka Lamu kwenda Mtangawanda, nyingine Faza na Kizingitini. Ni nauli ya kichwa, na muda wake hufuata maji, si saa ya ukutani. Siyu kuna ngome na mafundi wa ngozi. Karibu na hapo ni Shanga, ambako wachimbaji wa mambo ya kale, wakiongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980, walikuta misingi ya msikiti wa karne ya 8. Hakuna mlango wa tikiti wenye foleni, hakuna mtu wa kukuuzia kofia. Mwatembea na kijana wa kijiji, mwampa chake. Ila jipangeni kulala usiku mmoja, maana boti ya kurudi huenda ikatoka alfajiri. Na Ijumaa adhuhuri msimsumbue nahodha, yuko msikitini.

Sasa bahari yenyewe. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Huku kwetu tofauti yaweza kukaribia mita 4. Siku hizo kupwa kwa mchana huangukia mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kwa Kisite ina maana mtauona mchanga vizuri asubuhi, lakini mkondo pia huwa na nguvu, asiyejua kuogelea asiachie kamba ya boti. Kwa Takwa ina maana mtoke baada ya chakula. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari hutulia. Mkipanga tarehe, tazameni mwezi kwanza, kisha ombeni likizo kazini.

Na pepo. Kaskazi, Desemba hadi Machi, maji ni safi, jua kali, na Desemba bei hupanda kwa kila kitu. Kusi ikishika, Mei hadi Julai, vyumba hushuka bei na nahodha atapunguza bila kubembelezwa, lakini mawimbi ni ya kweli. Mimi huchagua Oktoba au Novemba, kusi imechoka na umati haujafika. Ramadhani mwaweza kwenda, ila mchana mikahawa mingi imefungwa. Futari, hata hivyo, wallahi mtasahau kaa wa Wasini.

Alama zangu basi. Paketi hii: saba juu ya kumi kwa watu wawili wenye siku moja, ikiwa kiingilio kimetolewa nje. Kwa kundi la wanane naipa nne. Wasini kwa boti ya wenyeji bila Kisite, nane. Lamu na Pate kwa basi, tisa, na ile moja nimeikata kwa sababu ya mgongo wangu.

Malipo: tumeni nusu kwa M-Pesa, nusu mkirudi nchi kavu. Na kabla nahodha hajawasha mashine, hesabuni jaketi za kujiokolea, halafu hesabuni vichwa. Zikipungua, shukeni, mpande boti inayofuata.