Kitu gani cha zamani ununue kwanza: santuri, katriji, katuni, mabango, wanasesere au sahihi za watu maarufu?

Shabiki wa muziki, filamu na michezo ya enzi zilizopita hununua kwa moyo, na wauza feki wanalijua hilo fika. Kwa hiyo orodha hii haikupangwa kwa uzuri wala kwa bei. Imepangwa kwa swali moja: ukiwa umekishika mkononi, kitu chenyewe kinakuthibitishia umri wake? Hapo ndipo zile habari ndogondogo ambazo mashabiki hubishania usiku kucha zinapogeuka kuwa kinga ya mfuko wako.

1. Santuri

Kwa anayeanza, hakuna kinachoishinda santuri ya inchi 12. Ushahidi umetapakaa juu yake. Anza na jalada. Msimbopau, ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine, ulitumika dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974 huko Troy, Ohio, kwenye pakiti ya ubani wa kutafuna. Basi albamu inayodaiwa kuchapwa 1969, na jalada lake lina mistari hiyo, ni toleo la baadaye, muuzaji aseme atakavyo. Vivyo hivyo neno STEREO: santuri za namna hiyo ziliingia sokoni 1958, kwa hiyo ukilikuta kwenye albamu ya 1955, hiyo si chapa ya kwanza.

Kisha tazama ukanda laini usio na muziki, kati ya mtaro wa mwisho na lebo. Hapo pamegongwa au kuchorwa namba za kiwandani. Zilinganishe na zilizoorodheshwa Discogs, tovuti yenye orodha za santuri, herufi kwa herufi. Lebo mbili zinaweza kufanana kabisa, lakini namba hizi zikakuonyesha kwamba moja ni ya miaka mingi baadaye.

Kukagua hali yake, iinamishe chini ya taa moja kali. Mikwaruzo myembamba kama unywele mara nyingi haisikiki. Mkwaruzo unaokwama ukuchani utasikika. Kwenye mwendo wa 33⅓, mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8, hivyo mkwaruzo unaokatiza mitaro hupiga "tak" kila baada ya sekunde 1.8 mpaka sindano iuvuke. Omba uchezewe sehemu hiyo kabla hujalipa. Halafu iinue usawa wa jicho uone kama imepinda, maana santuri iliyopindwa na joto ni nadra kunyooka tena. Kwenye viwango vya hali vya wauzaji, kuanzia bora hadi duni (NM, yaani karibu mpya, kisha VG+, VG, na G), usishuke chini ya VG+ ikiwa unataka kusikiliza. G ni santuri iliyochakaa. Zile nzito za mwendo wa 78 ni za sheleki: usizisafishe kwa spiriti, itaziyeyusha.

2. Katriji za michezo ya video

Katriji, vile visanduku vya plastiki vyenye mchezo ndani, zinashika nafasi ya pili kwa sababu zinafunguka. Nunua bisibisi maalumu ya milimita 3.8, inayofungua katriji nyingi za Nintendo, na umwombe muuzaji akuruhusu kuangalia ndani. Bamba la saketi la asili huwa na jina la kampuni na chipu zinazoonekana moja moja. Ukikuta tone kubwa jeusi la gundi limefunika kila kitu, mara nyingi hiyo ni feki.

Michezo inayohifadhi ulipofikia hutegemea betri ndogo, kwa kawaida CR2025 au CR2032. Ikifa, mchezo bado unachezeka, ila kumbukumbu hupotea, kwa hiyo hilo ni hoja ya kupunguziwa bei, si sababu ya kuacha. Unapobadilisha, tumia betri iliyokwishaunganishwa vipande vya chuma pembeni. Kulehemu moja kwa moja juu ya betri kunaweza kuipasua. Na acha kupuliza katriji kwa mdomo! Unyevu wa pumzi huozesha viunganishi. Kijiti cha pamba na spiriti ya asilimia 90 au zaidi vinatosha.

3. Vitabu vya katuni

Vina raha kubwa, na mitego yake inajulikana. Action Comics namba 1, toleo la Juni 1938 lililomleta Superman, kilichapwa upya 1974 kwa umbo kubwa kuliko la asili, kikiwa na jalada la ziada nje. Likivuliwa hilo, ndani kinafanana mno na cha 1938. Rula inamaliza ubishi.

Hesabu kurasa zote. Mwaka 1974 kampuni ya Marvel ilianza kuchapa stempu za kukatwa ndani ya vitabu vyake, na watoto walizikata kweli. Incredible Hulk namba 181, ambamo shujaa Wolverine anatokea kikamilifu kwa mara ya kwanza, mara nyingi hukosa stempu hiyo na thamani yake hushuka sana. Jalada halitakuambia, lazima ufunue.

4. Mabango ya filamu

Bango la kawaida la Marekani la kabla ya katikati ya miaka ya 1980 ni inchi 27 kwa 41. Mengi yana namba chini: 77/ ni filamu ya 1977, na R ikiitangulia ni filamu iliyorudishwa kumbini. Mengi pia yalikunjwa kiwandani, hivyo bango la 1965 lisilo na mkunjo wowote lichunguze mara mbili. Chukua kioo cha kukuzia mara 10 na utazame majina madogo ya chini. Kwenye la asili, herufi ni wino mzito uliokolea. Kwenye nakala huvunjika kuwa vinukta.

5. Wanasesere wa filamu

Wanapendeza kuliko vyote hapa, na ndio wanaodanganya zaidi. Wale wa filamu za Star Wars, waliotengenezwa na kampuni ya Kenner, wenye urefu wa inchi 3¾, wana mwaka mguuni, lakini huo ni mwaka wa hakimiliki. Mwenye 1977 anaweza kuwa ametengenezwa miaka kadhaa baadaye. Silaha zao ndogo hupotea na kubadilishwa na za kuigwa. Zitie majini: za asili kwa kawaida huelea, nyingi za kuigwa huzama. Zipo za kuigwa zinazoelea pia, kwa hiyo kuzama ni ushahidi, kuelea si hakikisho. Kwa waliofungwa kwenye kadi, kagua ukingo wa plastiki kama kuna gundi mpya.

6. Sahihi

Ziache mwisho. Neil Aspinall, msaidizi wa The Beatles, alikuwa akiwasainia wote wanne, hivyo hata sahihi ya zama zile zile, kwenye karatasi ya zama zile zile, inaweza kuwa si ya mwenyewe. Ukitamani lazima, tafuta mkataba au hundi iliyolipwa yenye mihuri ya benki.